Mheshimiwa Bado Anaongoza

Nchi ninayotaka kuwasimulia siitaji jina. Si kwamba naogopa. Jina lake kamili limebeba vyeo vyote vya Mheshimiwa Rais, na sheria inamtaka kila anayelisoma asimame wima tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Najua wengine wenu mnasoma mkiwa mmejilaza, kwa hiyo nimewahurumia.

Mimi ni Mshereheshaji wa Taifa. Mimi ndiye ninayeshika kipaza sauti kwenye hafla zote za serikali, kuanzia uzinduzi wa daraja hadi uzinduzi wa ukarabati wa daraja hilohilo. Kazi yangu kubwa ni itifaki: nani atajwe kabla ya nani, nani akae karibu na feni, nani aanze kucheka Mheshimiwa anapotania. Wapo wanaosema hii ni kazi ya kujipendekeza. Ni wivu tu, na wengi wao waliomba nafasi hii wakakosa.

Ili mnifuate vizuri, lazima kwanza mjue Sheria ya Heshima Barabarani. Kwetu, gari la mtu wa cheo cha chini haliruhusiwi kulipita gari la mtu wa cheo cha juu, liwe linakwenda au limesimama. Ni sheria nzuri mno. Imeondoa ajali kwa kuondoa mwendo. Kuna wakati Katibu Mkuu alisimama mjini kunyolewa, foleni ikafika karibu na mpaka, na mama mmoja akajifungulia humohumo mtoto wa kiume mwenye afya, akamwita Foleni. Hata soko letu kuu liliposhika moto, gari la zimamoto lilitulia kwa adabu nyuma ya gari la Mkurugenzi wa Zimamoto, ambaye alikuwa amesimama kuangalia moto. Soko liliteketea lote, na mwaka huohuo tulijipa tuzo ya nidhamu.

Sasa mtajiuliza, nchi ambayo gari halipiti gari inapata wapi utamaduni wa mbio za magari? Hapo ndipo wasomi walipotuokoa. Profesa Chilewa, bingwa wetu wa taaluma ya mbio, hajawahi kushika usukani maishani mwake, na anasema hilo ndilo linalomfanya asiwe na upendeleo. Alimweleza Waziri kwamba mbio zenyewe zina hatari, lakini historia ya mbio haijawahi kumgonga mtu. Waziri akakubali. Tangu hapo kila mwaka tunafanya Kongamano la Kitaifa la Historia na Utamaduni wa Mbio za Magari, katika ukumbi uliopo kando ya uwanja wa zamani wa mbio. Uwanja wenyewe hufyekwa majani siku moja kabla ya ufunguzi, na mbuzi wa jirani huhamishwa kwa muda.

*

Kongamano ninalolisema lilifunguliwa na Waziri wa Mwendo, Urithi na Mambo Yanayofanana na Hayo, Mheshimiwa Mabumba. Ni mtu mnene, mpole, mwenye usingizi mwepesi wa kuja na mzito wa kuondoka. Alipanda jukwaani tukasimama, akakohoa tukapiga makofi.

“Ndugu wanakongamano,” alisema, “mbio ni nini? Mbio ni kwenda. Kwenda wapi? Mbele. Na huko mbele yuko nani?” Akatuangalia kwa muda mrefu. “Niko mimi. Kwa hiyo msiwe na haraka, nitawasubiri.”

Tulipiga makofi hadi mkalimani wa wageni akapata nafasi ya kwenda kunywa maji na kurudi.

Baada ya hapo zikafuata mada. Kwetu, mtoa mada hawezi kutaja itifaki kwa mkato kama wanavyofanya nchi za wavivu. Lazima amtaje kila aliye meza kuu kwa jina, cheo, na cheo alichokuwa nacho zamani, kisha aombe radhi kwa aliyesahaulika. Kwa hiyo wakati anapomaliza kusalimia, muda wake unakuwa umekwisha. Profesa Chilewa ana mada maarufu sana iitwayo “Honi Kama Fasihi Simulizi”, ambayo amekuwa akiitoa kila mwaka, na hakuna mtu aliyewahi kuisikia. Imenukuliwa na wasomi wengi.

Siku hiyo alikuwa amefika kwa Naibu Katibu Tawala Mstaafu pale sauti iliposikika kutoka nyuma ya ukumbi.

“Jamani, na mimi nina swali.”

Nilijua ni nani kabla sijageuka. Alikuwa Bi. Nambuya, mwanamke anayesambaza mikate mjini kwa kigari chake cheupe kilichoandikwa ubavuni MOTO MOTO. Umri umekwenda lakini hataki kuambiwa. Anapaka rangi ya mdomo nyekundu, anavaa glavu za ngozi akiendesha, na akishuka kwenye gari hujishika kiuno kama anayengoja kupigwa picha. Mikate ya chai ya kongamano huwa tunanunua kwake, na ndiyo maana alikuwa ndani ya ukumbi.

“Bibi,” nilimwambia kwenye kipaza sauti, kwa upole wa kitaaluma, “wewe hupo kwenye ratiba.”

“Najua sipo. Swali langu ni fupi. Zile Mbio Kuu za Kwanza, nilishinda mimi au sikushinda?”

Mbio Kuu za Kwanza ndizo mbio pekee zilizowahi kuwepo nchini kwetu. Zilifanyika mwaka ule wa kuanza kwa taifa, na kila mtoto anajua kwamba mshindi alikuwa Mheshimiwa Rais wa Kwanza. Sheria ya Heshima Barabarani ilitungwa wiki iliyofuata, kwa sababu ambazo wasomi bado wanazichunguza.

“Mimi nilimpita kwenye kona ya pili,” alisema Bi. Nambuya. “Nikampigia na honi. Yeye akakasirika, akasimamisha gari, akashuka, akapakiwa kwenye gari jingine akarudi ikulu. Mstari wa kumalizia hajauona hadi anaingia kaburini. Sasa mnaniambia alishinda vipi, mtu ambaye hakufika?”

Profesa Chilewa alivua miwani. “Mama, historia si kufika. Historia ni kutambuliwa.”

“Sikuwa na shida na hilo,” alisema Bi. Nambuya. “Miaka yote nimewaacha na historia yenu, nauza mikate yangu. Lakini mjukuu wangu Tegemea amefanya mtihani wa darasa la saba. Mmemuuliza nani alishinda Mbio Kuu za Kwanza. Mtoto kaandika, ‘Bibi yangu.’ Mmemfelisha.”

Hapo niwafafanulie. Swali hilo kwetu ni swali la uzalendo. Ukilikosa, umekosa mtihani mzima, hata kama hesabu umepata zote. Tegemea alikuwa amepata hesabu zote.

“Mtoto analia ndani hatoki,” alisema, na sauti yake ile ya majigambo ikapungua kidogo. “Ananiuliza, ‘Bibi, kwani ulinidanganya?’ Nami sikumdanganya. Naomba kongamano liseme ukweli, mtoto aende sekondari. Hilo tu.”

Nakiri nilimhurumia. Lakini muda wa mada ulikuwa umekwisha, na chai ilikuwa imeiva. Profesa akasema hoja imepokelewa, itafanyiwa kazi. Kwetu maneno hayo yana maana ya kwaheri.

*

Mwaka huo Waziri alikuwa na jambo jipya. Alitaka kongamano lifungwe kwa mbio za kielelezo, ili vijana waone urithi wao kwa macho. Televisheni ya Taifa ikaja na kamera zake zote mbili. Profesa Chilewa aliandaa kila kitu kisomi: magari yapangwe kwa itifaki, Waziri mbele, nyuma yake Naibu, kisha Katibu Mkuu, na kuendelea hivyo hadi wakuu wa idara. Matokeo yalichapishwa mapema ili kuepusha usumbufu, na vikombe vikachongwa majina. Ilikubaliwa pia kwamba kila kiongozi ataendesha mwenyewe, maana mbio za kuendeshwa zisingekuwa na ladha. Madereva wote wakapewa ruhusa wakaenda kwao.

Asubuhi ya siku ya kufunga magari yalipangwa nyuma ya mstari wa kuanzia, ambao ndio mstari wa kumalizia pia, kwa kuwa uwanja ni wa mviringo. Viongozi wakapanda magari yao. Mimi nilikuwa juu ya jukwaa na kipaza sauti changu. Bendera ikapepea. Nikatangaza kwamba mbio zimeanza.

Gari la Waziri halikuondoka.

Mwanzoni nilidhani ni mbinu. Kisha nikatazama vizuri kupitia kioo, nikaona kilichotokea. Mheshimiwa Mabumba alikuwa amepanda gari kama alivyozoea kupanda kwa miaka yote ya utumishi wake: amefunguliwa mlango wa nyuma, ameingia, ameketi kushoto, amefungua gazeti. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Alikuwa anangoja gari liondoke. Baada ya kitambo gazeti likashuka taratibu likamfunika uso, na tukaona linapanda na kushuka kwa pumzi zake.

Hakuna aliyekuwa na cheo cha kumwambia. Naibu Waziri hawezi kumwamsha Waziri, na Katibu Mkuu hawezi kumpita Naibu kwenda kumwamsha Waziri. Wote wakawasha injini, wakangoja kwa nidhamu. Nami nilikuwa hewani moja kwa moja, taifa zima linanisikiliza, kwa hiyo nilifanya kazi yangu.

“Mheshimiwa anaongoza,” nilitangaza. “Anaongoza kwa utulivu mkubwa. Naibu Waziri yuko nyuma yake kwa karibu sana, lakini hajaona upenyo. Mheshimiwa bado anaongoza.”

Mgeni mmoja kutoka nchi jirani, msomi wa mambo ya magari, alinivuta shati. “Samahani, ndugu. Mbio zinaanza saa ngapi?”

“Zinaendelea,” nilimjibu.

Jua likapanda. Mkuu wa Idara ya Kumbukumbu, aliyekuwa mkiani, akaishiwa mafuta, nikatangaza kwamba ushindani umekuwa mkali. Mbuzi wa jirani wakarudi kula majani yaliyobaki kwenye kona ya pili. Waziri bado aliongoza.

Hapo ndipo kigari cheupe kilipotokea nyuma ya foleni. Njia ya kwenda jikoni inapitia uwanjani, na Bi. Nambuya alikuwa na mikate ya chakula cha mchana. Akapiga honi. Akapiga tena. Kisha akashuka, akajishika kiuno, akayatazama yale magari yote yanayounguruma bila kwenda popote, akazitazama kamera. Akatembea taratibu hadi chini ya jukwaa langu.

“Mshereheshaji,” aliniita. “Hiyo sheria yenu inasemaje? Nani haruhusiwi kumpita nani?”

“Mwenye cheo cha chini asimpite mwenye cheo cha juu, Bibi.”

“Mimi cheo changu ni kipi?”

Nikaangalia itifaki yangu, ambayo naijua kwa moyo. “Wewe huna cheo, Bibi.”

“Hata cha chini?”

“Hata cha chini.”

“Basi hainihusu,” alisema, akavuta glavu zake vizuri, akarudi kwenye gari.

Nilitamani kumzuia. Lakini naapa, wakati uleule nilitamani pia kuona. Kigari kilitoka pembeni ya foleni kikitoa moshi, kikawapita wakuu wa idara, kikampita Katibu Mkuu, kikampita Naibu. Alipofika usawa wa Waziri, Bi. Nambuya alipiga honi ndefu ya heshima. Gazeti halikutikisika. Akaingia kona ya kwanza. Mikate ilianza kuruka kwa mlango wa nyuma, watu wakawa wanaiokota na kula huku wanashangilia. Kwenye kona ya pili mbuzi walimpisha, na sijawahi kuona mbuzi wakipisha kwa haraka vile. Akazunguka uwanja wote, akaipita tena ile foleni nzima, akavuka mstari. Nilijikuta nimesimama juu ya kiti napiga kelele, na hilo halikuwa kwenye ratiba.

Kelele hizo ndizo zilizomwamsha Waziri. Alitoa kichwa dirishani.

“Tumefika?” aliuliza.

Hakuna aliyejua jibu la kiitifaki. Nilitazama chini nikaona tairi lake la mbele limegusa mstari.

“Umefika, Mheshimiwa,” nilisema.

*

Kikao cha dharura cha wasomi kilikaa mchana huohuo, milango ikiwa imefungwa na chakula cha mchana kikiwa hakina mkate. Tatizo lilikuwa zito. Taifa zima lilikuwa limeona mwuza mikate akimpita Waziri, si mara moja bali mara mbili. Wapo waliopendekeza tutangaze kwamba televisheni ilikuwa imeharibika. Wapo waliotaka Bi. Nambuya apewe cheo kikubwa kuliko Waziri kuanzia jana yake, lakini Waziri alikunja uso.

“Profesa,” alisema Mheshimiwa, “nimeshinda au sikushinda? Nijibu kama msomi, usinitanie.”

Profesa Chilewa alisimama. Nadhani ilikuwa saa yake bora kuliko zote, maana kwa mara ya kwanza hakutaja itifaki.

“Mheshimiwa, uwanja ni mviringo. Kwenye mviringo, mstari wa kuanzia ndio wa kumalizia. Wewe ulikuwa umefika kabla mbio hazijaanza. Huyu mama aliondoka mahali ulipo, akahangaika kuzunguka, akaja kukukuta palepale. Aliyekuta na aliyekutwa, nani alitangulia?”

Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Wenye machozi waliyafuta. Nadharia ya Mviringo ikapita kwa kauli moja, na kwa kuwa wasomi hawapendi kuacha kazi nusu, wakaitumia hapohapo kwa Mbio Kuu za Kwanza. Ikathibitika kisayansi kwamba Rais wa Kwanza, kwa kusimama, alikuwa wa kwanza, na kwamba Bi. Nambuya, kwa kwenda kasi kupita wote, alikuwa wa mwisho. Profesa aliona huo ni ukarimu mkubwa. Hapo kabla mama huyo hakuwemo kabisa kwenye historia. Sasa alikuwemo, mkiani.

Baraza la Mitihani likaagizwa libadilishe swali. Waliofeli wakaruhusiwa kurudia.

Mimi ndiye niliyetumwa kwa Bi. Nambuya kumpa habari. Nilimkuta nyumbani kwake anapanga makreti. Nilimsomea azimio lote, na vifungu vyake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa juu ya kreti moja, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni mzee.

“Wa mwisho,” alisema.

“Kisayansi, Bibi.”

“Na kamera zote zile.” Akazitazama glavu zake. “Unajua, baba, kunisahau walikonisahau mwanzo kulikuwa na nafuu.”

Iliniuma. Nikaangalia ukuta.

“Tegemea akiandika kwamba nilikuwa wa mwisho, anakwenda shule?”

“Anakwenda, Bibi. Swali linamtaka amtaje wa mwisho, na aeleze kwa kifupi tofauti yake na wa kwanza.”

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo, na nilijua kuna mtu anasikiliza nyuma yake.

“Ataandika,” alisema. “Nitamwambia aandike. Mimi nimeshakwenda mbio zangu, yeye zake ndiyo kwanza anaanza.” Kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni. “Umesikia, Tegemea? Bibi yako alikuwa wa mwisho. Andika hivyo, mama. Hayo mengine ueleze mwenyewe, akili unayo.”

*

Kongamano la mwaka uliofuata lilifana kuliko yote. Profesa Chilewa alikuwa amepandishwa cheo akawa Profesa Mkuu wa Mviringo, na aliomba aoneshe jinsi nadharia ilivyoota mizizi kwa watoto wetu. Alisema kati ya karatasi zote za nchi, moja ilikuwa imepata alama zote za swali la uzalendo, kwa kuwa ilijibu kama baraza lilivyoagiza, bila kupinda hata neno. Mwenye karatasi hiyo tayari alikuwa kidato cha kwanza. Akaisoma kwa sauti ya madaha, mkono mmoja mfukoni.

“‘Wa mwisho katika Mbio Kuu za Kwanza alikuwa bibi yangu, Nambuya. Alifika, akazima gari, akanywa soda. Akaolewa, akazaa watoto, akawasomesha kwa mikate, akapata wajukuu, nami ni mmojawapo. Wa kwanza bado anasubiriwa.’”

Meza kuu ilisimama yote kupiga makofi. Wahudumu wa chai nyuma ya ukumbi walikuwa wameinama wanashikilia mbavu, mmoja ameangusha birika, na hadi leo sijaambiwa walikuwa wanaumwa nini. Mheshimiwa Waziri aliguswa sana. Alisema hajawahi kusikia historia ya nchi yake ikielezwa kwa ufasaha namna ile, akaagiza jibu hilo likaririwe na wanafunzi wote, kila asubuhi, mara tu baada ya wimbo wa taifa.

Agizo lilitekelezwa. Ukipita karibu na shule yoyote nchini kwetu asubuhi utawasikia, maelfu ya watoto kwa sauti moja, wamesimama wima mbele ya picha ya Mheshimiwa Rais wa Kwanza, wanasema kwa bidii kwamba wa kwanza bado anasubiriwa.